Mwongozo kamili: wakili wa ofisi ndogo apatikane Google na WhatsApp bila kuvunja kanuni

Nimeandika hii kwa sababu simu zinazonijia kutoka kwa mawakili wa Kisumu, Kakamega na Nakuru siku hizi zinafanana sana. Mtu amefungua profaili ya Google (ile kadi ya ofisi inayotokea kwenye Google na Maps) ikakataliwa, ama ilikubaliwa halafu ikafungwa ghafla, ama iko sawa kabisa lakini simu hailii, na huku ameshamlipa kijana fulani abuusti posti za Facebook (kuzilipia zionekane na wengi) mwezi mzima. Ukichunguza unakuta shida si Google, ni mpangilio. Watu wanaanzia mwisho: matangazo kwanza, halafu websaiti, halafu ndio wanakumbuka kwamba namba iliyo kwenye websaiti ni ya karani aliyeacha kazi.

Mwongozo huu ni wa wakili anayefanya kazi peke yake, ama wawili watatu na karani mmoja. Fuata hatua venye zimepangwa, usiruke, maana ya tatu inasimama juu ya ya pili, na ya sita haina maana kama ya nne haiko.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usiguse Google kabla hivi vyote viko mezani:

- Cheti chako cha uwakili cha mwaka huu, pamoja na cheti cha usajili wa jina la ofisi.
- Leseni ya biashara ya kaunti na bili moja, ya stima ama ya intaneti, yenye jina la ofisi na jengo mliko.
- Kibao cha kudumu kwenye mlango ama ukutani. Karatasi ya A4 iliyobandikwa na selotepu haihesabiki, nitaeleza kwa nini.
- Laini ya simu ya ofisi iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe mwenye ofisi.
- Akaunti mpya ya Google ya ofisi. Usitumie ile ya kibinafsi, na ile imeili ya e-filing (mfumo wa korti wa kufungua kesi mtandaoni) usimpe mtu yeyote wa kukutengenezea websaiti hata kama ni binamu yako.
- Simu yenye kamera nzuri, chaji ya kutosha na bundles.
- Daftari ama Google Sheets, ya hatua ya mwisho.
- Kanuni za matangazo ya mawakili za 2014, zile zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Zisome mwenyewe, usisomewe.

Pesa: Google na WhatsApp Business ni bure. Utalipia domeini (jina la websaiti), hostingi (mahali websaiti inakaa mtandaoni) na pengine fundi wa kibao, basi. Mtu akikwambia profaili ya Google inalipiwa kila mwezi anakuchezea.

## Hatua ya 1: Andika ukurasa mmoja wa maneno unayoruhusiwa kusema

Najua hii inaboesha, lakini ndiyo inayokuokoa. Wakili hajitangazi kama muuza viatu wa Kibuye. Kanuni zinakuruhusu kusema wewe ni nani, uko wapi na unafanya kazi gani. Zinachokataa ni uongo, kupotosha watu, kujilinganisha na wenzako na kuahidi matokeo.

Kwa hivyo futa hizi kabisa: "wakili bora Kisumu", "hatujawahi kupoteza kesi", "tunakuhakikishia fidia". Futa pia "bei nafuu kuliko wote" na "ofa ya Desemba asilimia 30". Ada za mawakili zina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinakataza kutoza chini ya hapo. Ukiposti ofa umejiandikia mashtaka mwenyewe, na skrinshoti haifi.

Kuna pia ile tabia ya kuwinda wateja. Mtu ameposti picha za ajali ya matatu pale Awasi, dakika kumi baadaye wakili amemtumia inboksi "pole sana, naweza kukusaidia na fidia". Hiyo haina tofauti na kutuma kijana asimame kasualti ya hospitali na kadi za ofisi. Usifanye, na usimruhusu anayekusaidia mtandaoni afanye, kwa sababu jina litakaloitwa kwenye malalamiko ni lako.

Sasa andika ukurasa wenyewe: jina la ofisi, jengo na ghorofa, namba ya simu, imeili, saa za kazi, majina ya mawakili, aina za kazi mnazofanya kweli (mashamba, urithi, ajali, ajira, ndoa na watoto, kampuni) na lugha mnazozungumza. Lugha usizidharau. Mama kutoka Bondo anayekuja kwa mambo ya shamba la marehemu mumewe akiona mnaongea Dholuo atapiga simu kwenu kabla ya kwingine, na hapo hujajisifu, umesema tu ukweli.

Umemaliza wakati mtu mwingine, hasa wakili mwenzako mwenye roho ya ukali, amesoma huo ukurasa akakosa sentensi ya kukata.

## Hatua ya 2: Jina moja, anwani moja, namba moja

Chukua jina venye liko kwenye cheti cha usajili na ulitumie hivyo hivyo kila mahali. Kama ni Fulani & Company Advocates, isiwe Fulani Advocates kwenye Facebook na Fulani Law kwenye kibao. Google inalinganisha, na mteja pia analinganisha, na matapeli wamewafundisha watu kushuku kila kitu.

Anwani iandike kama unamwelekeza boda: jengo, ghorofa, barabara, mkabala na nini. Sanduku la posta si anwani ya ramani.

Halafu ingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Chama cha Wanasheria, LSK, ujitafute kama mteja. Watu wengi siku hizi wanahakikisha jina la wakili huko kabla hawajatuma hata shilingi. Kama rekodi yako ina ofisi ya zamani ama imeili iliyokufa, rekebisha leo.

## Hatua ya 3: Profaili ya Google

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hivyo twende polepole.

Jitafute kwanza. Fungua Google Maps uandike jina la ofisi na namba ya simu. Mara nyingi profaili tayari iko, iliwekwa na mteja ama na karani wa zamani. Ukiikuta, omba umiliki wake. Usifungue ya pili, kwa sababu Google ikiona mbili za ofisi moja inaweza kuzifunga zote, na kufungua ni kazi kuliko kuanza.

Jina. Lile lile la kibao. Usiandike "Fulani & Company Advocates wakili wa mashamba Kisumu ajali urithi". Najua umeona wengine wamefanya na wako juu. Kuongeza maneno kwenye jina ni moja ya sababu kubwa za profaili kufungwa, na inatosha mshindani mmoja aripoti.

Kategoria. Unaruhusiwa moja kuu na nyingine hadi 9. Kuu iwe "Law firm" kama ni ofisi yenye jina. Hizo nyingine chagua za kazi mnayofanya kila wiki, sio kila kitu. Ukijaza zote 10 Google haijui ikuonyeshe kwa nani.

Pini. Washa picha ya setilaiti, vuta karibu, weka pini juu ya mlango wa jengo lako. Nimeona ofisi za Kisumu pini ziko katikati ya Jomo Kenyatta Highway na moja ilikuwa ziwani kabisa. Mteja aliyetoka Ugunja na matatu ya asubuhi akipelekwa na ramani mahali pasipo na ofisi, hapigi simu kuuliza, anaingia kwa wakili mwenye kibao anachokiona.

Saa. Andika saa ambazo kuna mtu mlangoni. Kama asubuhi uko kortini na karani yuko, mko wazi. Kama mmetoka wote wawili, mmefunga. Usiandike saa 24.

Maelezo. Una herufi 750. Chukua kutoka ukurasa wa hatua ya 1, andika kwa lugha ya mtu wa kawaida. "Tunasaidia familia kufungua kesi ya urithi na kuhamisha shamba" inaeleweka kuliko istilahi za Kilatini.

### Video ya kuthibitisha

Zamani ilikuwa posta ama simu, siku hizi mara nyingi Google inataka video. Inarekodiwa moja kwa moja kwenye simu kupitia profaili yako, bila kukata na bila kuunganisha. Inataka mambo matatu: uko mahali ulipo, ofisi iko kweli, na wewe ndiye mwenye ofisi. Fanya mazoezi mara moja bila kurekodi, halafu rekodi hivi:

1. Anzia nje barabarani. Onyesha jina la barabara ama majengo ya jirani, benki, duka kubwa, chochote kinachojulikana kwenye ramani.
2. Tembea uingie mlango mkuu wa jengo, panda ngazi, kamera ikiendelea. Usikimbie.
3. Simama kwenye kibao chenu. Kaa hapo hadi maandishi yasomeke. Hii ndiyo sababu karatasi ya A4 haifai, kwani inaonekana kama imebandikwa asubuhi hiyo.
4. Fungua mlango kwa ufunguo wako mwenyewe. Ni kitu kidogo lakini ndicho kinachothibitisha kwamba ofisi ni yako na hukuingia tu kama mgeni.
5. Ndani onyesha leseni ya kaunti ukutani, muhuri, barua yenye nembo, meza ya kazi.

Dakika moja na nusu inatosha.

Onyo kubwa: kabla hujarekodi, geuza mafaili yote. Majina ya wateja yameandikwa kwenye majalada hapo mezani na kwenye rafu, na kuna kalenda ya kesi ukutani, na kompyuta iko wazi na hati ya kiapo ya mtu. Siri ya mteja haina ruhusa ya "ilikuwa video ya Google tu". Na watu wasionekane sura, wape wateja walioketi pale nje notisi ama rekodi kabla hamjafungua.

Kisha subiri, inaweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Katika hizo siku usibadilishe jina wala anwani, maana ukibadilisha unaweza kuanza upya.

Umefaulu ukitumia simu ya mtu mwingine, isiyo na akaunti yako, ukaandika jina la ofisi na ikatokea na kitufe cha kupiga simu, ramani sahihi na saa. Usipime kwa simu yako mwenyewe, Google inakujua na itakufurahisha.

### Ikikataliwa ama ikifungwa

Sababu za kawaida hapa kwetu ni tatu. Moja, kibao hakisomeki ama hakiko. Mbili, ofisi ya kushiriki: mawakili watatu ndani ya chumba kimoja na kibao kimoja cha mwenye nyumba. Kila ofisi iwe na kibao chake na namba yake ya simu, ama muonekane kama ofisi moja. Tatu, jina limeongezwa maneno.

Rekebisha kosa kwanza, kisha ndio ukate rufaa. Wewe ni wakili, unajua rufaa isiyo na sababu mpya inaishia wapi. Weka leseni, cheti na bili zikiwa zimeshapigwa picha kwenye simu kabla hujabonyeza, kwa sababu ukishatuma fomu unapewa saa moja tu ya kuambatisha ushahidi. Ikipita, imepita.

Unafanyia kazi nyumbani, mfano Milimani ama Section 58? Ficha anwani, weka maeneo unayohudumia. Usiazime anwani ya rafiki.

## Hatua ya 4: WhatsApp Business, na swali ambalo wengi wanasahau

Hamisha laini ya ofisi kwenda WhatsApp Business. Namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa wakati mmoja, kwa hivyo fanya nakala ya chati kwanza. Washa pini ya tarakimu 6 ya usalama papo hapo.

Weka ujumbe wa salamu. Unajituma wenyewe mtu anapoandika mara ya kwanza, ama baada ya siku 14 za kimya. Wengi huandika "Karibu, tukusaidie vipi?" na hapo ndipo matatizo yanaanza, kwa sababu mtu anamwaga habari yote, anatuma picha za hati ya shamba, anaeleza udhaifu wa kesi yake, halafu unagundua kwamba ndugu yake anayegombana naye ni mteja wako tangu mwaka jana. Miji yetu ni midogo. Siaya ama Vihiga mashamba yanagombaniwa na watu wa boma moja, na wote wanaelekezwa kwa mawakili wale wale wachache. Ukishasikia siri za pande zote mbili unaweza kulazimika kujitoa kwa wote.

Kwa hivyo majina kwanza, hadithi baadaye. Tumia hii, ubadilishe jina:

> Habari, umefika ofisi ya Fulani & Company Advocates, Kisumu. Tafadhali tuandikie: jina lako kamili; jina la mtu au kampuni mliyo na shida nayo; na ni jambo gani kwa neno moja (shamba, urithi, ajali, kazi, ndoa, deni). Usitume hati wala maelezo marefu kwa sasa. Tutakujibu leo kabla ya saa kumi na moja jioni; ukiandika baada ya hapo, kesho asubuhi. Ujumbe huu haumaanishi kwamba tumeshachukua kesi yako.

Ile sentensi ya mwisho usiitoe. Madai ya ajali kwa kawaida yana miaka 3, na kama unayemshtaki ni serikali ni miezi 12 tu. Mtu akiamini umeshachukua kesi kwa sababu ulimjibu "sawa nimeona", na tarehe ikapita, ni wewe atakayekulaumu. Kila anayeandika apate jibu moja kati ya mawili: tumechukua, hii ndiyo barua ya makubaliano, ama hatujachukua, tafuta wakili mwingine haraka.

Tengeneza majibu ya haraka, yale unayoita kwa alama ya mkwaju (/): moja ya maelekezo ya kufika, moja ya hati za kuja nazo kwa urithi, moja ya hati za ajali, moja ya ada ya kuonana mara ya kwanza. Weka lebo pia, "mpya", "anasubiri hati", "mteja", "hatujachukua". Karani akizizoea utashangaa venye asubuhi inakuwa nyepesi.

Kuhusu malipo: usibandike till moja ya M-Pesa kwa kila kitu. Pesa ya ada yako ni kitu kingine, na pesa ya mteja ya kulipia stempu diuti (ushuru wa kuhamisha mali) ama salio la shamba ni ya akaunti ya wateja. Zikichanganyika kwenye till moja utatafuta maelezo baadaye mbele ya watu usiotaka kukutana nao.

Karani akiondoka, siku hiyo hiyo ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa uondoe kompyuta yake. Sio wiki ijayo.

Umefaulu ikiwa mgeni akiandika saa nne usiku anapata salamu, na kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi unajua kama unaweza kumhudumia ama la, bila kuwa umesoma siri yake.

## Hatua ya 5: Websaiti ndogo, iliyo yako

Domeini ya .co.ke inatosha, inunue kwa kampuni iliyoidhinishwa na KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke. Sajili kwa jina lako na imeili ya ofisi. Narudia, jina lako. Kuna mawakili leo domeini yao iko kwa jina la kijana aliyehamia Nairobi na hashiki simu, na kuirudisha ni kazi kubwa.

Kurasa zisizidi saba: mwanzo, mawakili, mawasiliano, na moja moja kwa kila kazi kubwa. Picha ndogo, hakuna video inayocheza yenyewe, hakuna mizani ya haki inayozunguka. Ifungue ukiwa mahali penye mtandao mbaya, ikichelewa punguza. Kitufe cha WhatsApp kiwe cha wa.me/254 halafu namba bila sifuri ya mwanzo.

Kinacholeta watu ni kujibu swali wanaloandika wenyewe. Hawaandiki "huduma bora za kisheria", wanaandika "mzee amekufa shamba liko kwa jina lake tufanye nini". Ukurasa wa urithi basi ueleze njia: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, sachi ya shamba (rekodi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenye shamba), ombi kortini, tangazo kwenye gazeti la serikali na siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi 6 baada ya kupewa usimamizi wa mali ya marehemu ndipo mnaomba uthibitisho ili shamba ligawanywe. Sema pia kesi inaweza kwenda kwa hakimu ama Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali, hakimu mkuu ana hadi milioni 20. Mtu akisoma hivyo hahitaji kuambiwa wewe ni hodari.

Andika mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kiingereza, si tafsiri ya neno kwa neno, kila mmoja kwa venye watu wanauliza kwa lugha hiyo.

Ukitumia ChatGPT kuandika, kila kesi na kila kifungu ukihakikishe Kenya Law kabla hujaposti. Huko New York mwaka 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka kortini kesi ambazo programu hiyo ilizitunga tu. Kwenye websaiti hakuna jaji wa kukukamata, lakini kuna mtu atakayefuata ushauri wako.

Fomu ya mawasiliano iulize jina, simu na aina ya jambo, basi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama una karani mmoja: eleza unakusanya nini na kwa nini, na data ikivuja kwa njia inayoweza kumdhuru mtu una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Data usiyoichukua haiwezi kuvuja.

## Hatua ya 6: Riviu

Omba riviu (maoni na nyota za mteja kwenye Google) siku faili inapofungwa na mteja ana furaha, tuma linki ya Google kwa WhatsApp na maneno mawili matatu. Usimlipe, usimpe punguzo, usimwandikie maneno. Google inakataza kununua riviu, na riviu ishirini za wiki moja zote zikisema "kazi safi sana" hazidanganyi mtu.

Kesi za talaka, watoto na jinai usiombe kabisa. Mtu anaweza kukuwekea nyota tano kwa moyo safi na jina lake kamili, na wakwe wakasoma.

Riviu mbaya itakuja, mara nyingi kutoka kwa upande uliowashinda. Mkono utawasha kujibu "wewe ulileta hati feki ndio maana". Ukijibu hivyo umezungumzia kesi hadharani na unaweza kuwa umetoa siri ya mteja. Jibu hili linatosha: "Asante kwa maoni. Kwa sababu ya maadili ya kazi yetu hatuwezi kuzungumzia jambo la mtu yeyote hapa. Tafadhali piga simu ofisini." Halafu nyamaza. Wanaosoma wanaangalia jibu lako kuliko lalamiko.

## Hatua ya 7: Facebook na TikTok, ukitaka

Hii nimeiweka hapa chini makusudi. Kwa maoni yangu kubuusti posti ya ofisi ndogo ni kumwaga pesa, kwa sababu mtu hajaamka na kesi siku ile umelipia. Google inamkuta siku anatafuta. Ukitaka kuposti, posti maelezo mafupi ya sheria, uso wako, lugha rahisi, mara moja kwa wiki.

Hatari iko kwenye komenti. Mtu ataandika "wakili, mume wangu alinifukuza na watoto wawili, jina lake ni..." mbele ya watu elfu. Ficha komenti hiyo mara moja, umwandikie apige simu ofisini. Usitoe ushauri wa kesi yake hapo.

## Hatua ya 8: Pima kwa daftari

Kila anayepiga simu ama kuingia mlangoni, karani aulize "ulitujuaje?" na aandike: tarehe, aina ya jambo, alitoka wapi (Google, WhatsApp ya rafiki, kibao, kanisani, Facebook), tulichukua ama hapana, ada. Safu tano tu. Jina la mteja halina kazi hapo, liache kwenye faili.

Mwisho wa mwezi fungua takwimu za profaili ya Google uone wangapi walibonyeza simu na wangapi waliomba maelekezo, kisha linganisha na daftari. Simu nyingi kwenye Google na chache kwenye daftari maana yake hakuna anayeshika simu, na hiyo haitibiwi na websaiti mpya. Maelekezo mengi na wageni wachache, rudi uangalie pini. Watu wengi wanapiga lakini wa kazi msiyofanya, kategoria zako ni mbaya.

Usitegemee mabadiliko wiki ya kwanza. Ipe miezi mitatu kabla hujabadilisha kitu kikubwa, na ubadilishe kimoja kimoja la sivyo hutajua kilichosaidia.

Kabla ya likizo ya korti ya Desemba weka saa za sikukuu kwenye Google, badilisha ujumbe wa WhatsApp useme mtarudi lini na nani apigiwe kwa dharura kama mtu amekamatwa, na lipia domeini mapema, maana nyingi zinaisha Januari wakati ule ule unatafuta pesa ya cheti kipya.